Kukata rufaa dhidi ya kiwango cha matunzo

Ndugu, nimekuelewa: talaka yenyewe huipingi, kinachokuuma ni matunzo yaliyokadiriwa kwa kuhesabu malipo ya saa za ziada kama mshahara wa kudumu. Basi kata rufaa dhidi ya amri ya matunzo peke yake, talaka iache.

Kwanza muda. Siku za kukata rufaa kwa kawaida huhesabiwa tangu hukumu iliposomwa, si siku uliyopata nakala. Kwa hiyo omba leo, kwa barua yenye muhuri wa kupokelewa, nakala zilizothibitishwa za hukumu, amri na mwenendo wa kesi (kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani). Barua hiyo itakufaa sana ukilazimika kuomba kuongezewa muda.

Sababu za rufaa ndizo huangusha wengi. "Hakimu hakunitendea haki" haitoshi. Andika hivi: "Mahakama ilikosea kuchukua malipo ya ziada ya miezi 3 kama kipato cha kila mwezi, ilhali hati za mshahara za miezi 12, kielelezo namba fulani, zinaonyesha vingine." Hati ambayo hukuitoa kwenye kesi ni nadra kupokelewa sasa.

Aliyekwambia rufaa inasimamisha malipo amekupotosha. Endelea kulipa, tunza risiti, na uombe kando zuio la utekelezaji, yaani amri isitekelezwe hadi rufaa iamuliwe. Malimbikizo yanaweza kukuletea kukamatiwa mali.

Kama kipato kimeshuka baada ya hukumu, hiyo si rufaa: omba mahakama ileile ibadilishe amri. Sababu zako mpe wakili azipitie kabla hujawasilisha.