Kumsaka Babu Kwenye Magazeti ya Zamani

Shikamoo mwalimu. Marehemu babu alikuwa mtunzi, na nyumbani wanasema mashairi yake yalitoka kwenye gazeti la Mambo Leo. Nianzie wapi? (Msomaji, Tanga)

Marahaba mwanangu. Una bahati, maana watunzi huacha nyayo. Mambo Leo lilianza Dar es Salaam mwaka 1923 na lilitoka mara moja kwa mwezi, kwa hiyo mwaka mzima ni matoleo 12 tu. Ulizia Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, au Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye mkusanyiko wake wa maandishi ya Afrika Mashariki. Fungua kurasa za mashairi na uende moja kwa moja ubeti wa mwisho, ndipo mtunzi alipojitaja. Ukiona, tuseme, "Mtunzi nataja jina, ni Saidi wa Pangani", tayari una mtu na mji. Kisha soma matoleo ya miezi inayofuata: akijibiwa na mtunzi mwenzake, utajua alijuana na nani. Wengine walijificha nyuma ya lakabu, yaani jina la kupanga, basi waulize wazee lakabu yake kabla hujapanda basi. Na ukimpata, piga picha ukurasa mzima, jina la gazeti na tarehe vionekane.

Hatuna jina la ukoo. Babu ni Juma bin Salum, na kina Juma bin Salum wamejaa pwani nzima! (Msomaji, Bagamoyo)

Mtafute kwa mji na kazi: karani wa posta, mwalimu, serahangi (msimamizi wa mabaharia) wa jahazi. Jina lifuate. Tahajia nayo isikuchezee. Kamati ya lugha ilianza kazi ya kusanifisha Kiswahili mwaka 1930; kabla ya hapo Selemani, Sulemani na Sleman aweza kuwa mtu yule yule. Kwenye maandishi ya Wajerumani, Juma huwa Dschuma, Mwanza ni Muansa, na Lushoto ni Wilhelmstal.

Bibi alizaliwa "mwaka wa Mtunya". Gazeti litanipa tarehe? (Msomaji, Dodoma)

Sidhani. Mtunya ni ile njaa iliyoiangamiza Ugogo kati ya 1917 na 1920, baada ya majeshi ya Vita Kuu kukomba ng'ombe na nafaka. Gazeti la Kiongozi la Tanga lilikoma vitani, na Mambo Leo lilikuwa bado halijaanza. Kama familia ilikuwa ya kanisa, nenda kwenye daftari za ubatizo za misheni.

Mbona nyanya zetu hawaonekani magazetini? (Msomaji, Mombasa)

Inaniuma hata mimi, dada. Wengi waliandikwa "mke wa fulani" tu, kwa hiyo msome mume ili umwone mke. Tazama harusi na tanzia. Halafu kuna Gazeti Rasmi la Kenya, lililoanza 1899, ambalo matoleo yake mengi yanasomeka bure mtandaoni, japo kwa Kiingereza. Matangazo ya mirathi humtaja mwombaji kwa jina lake kamili na alivyohusiana na marehemu: mjane, binti, dada. Anza na mwaka aliofariki babu, usonge mbele hata miaka kadhaa, kwani mirathi huchelewa.