Amplifaya moja, vyumba vinne: inawezekana, ila si kwa njia ya fundi wako

Mkuu, umeuliza kama amplifaya moja inaweza kupiga sebuleni, jikoni, chumbani na barazani, kila sehemu na wimbo wake. Umesema fundi amekushauri ununue moja ya "wati elfu" na spika zote zichomekwe hapohapo. Amplifaya moja, sawa. Alivyosema fundi, hapana. Mimi niko Mbezi Beach, nilishaipita njia hiyo na nikailipia.

Nilianza na amplifaya ya kawaida ya stereo, nikaunga jozi nne za spika za omu 8 sambamba (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme; zikipungua, amplifaya inabeba mzigo mkubwa zaidi). Ukiunga hivyo omu zinashuka: spika mbili upande mmoja zinakuwa omu 4, nne zinakuwa 2. Mgongoni mwa amplifaya yangu paliandikwa isishuke chini ya 4. Siku za kawaida ilivumilia kwa sababu tulisikiliza kwa sauti ya chini. Siku ya kipaimara cha binti yangu shemeji akapandisha sauti. Harufu ilitangulia, kisha kimya, na keki ndiyo kwanza inakatwa.

Nikapata kisanduku cha kugawa spika pale Kariakoo. Nacho kilinitia hasara ya muda, maana kilikuwa kimeunganisha nyaya hasi zote za spika pamoja. Amplifaya nyingi ndogo za siku hizi, zile za klasi D, hasi yake nayo inasukuma umeme, haitakiwi kugusana na hasi ya chaneli nyingine. Yangu ikajizima kila nilipoiwasha. Nashukuru ilikuwa na kinga. Halafu hata kingekuwa kizima, kisanduku cha namna ile kinapeleka wimbo uleule kila chumba, na wewe hutaki hivyo.

Unachotafuta ni amplifaya ya chaneli nyingi. Kwa vyumba vinne chukua ya chaneli 8. Zipo hata za 12. Kila chumba kinapata chaneli zake mbili na strima yake, yaani kifaa kidogo kinachovuta muziki mtandaoni; vyumba vinachangia boksi na umeme tu. Usihangaike na wati. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 basi, na jikoni kwangu sidhani kama hata wati 5 zinafika. Wati 40 kwa chaneli zinatosha nyumba yoyote ambayo haina ukumbi.

Sasa strima, na hapa ndipo watu wanajipa tabu. Wanaiweka chumbani, kisha wanalalamika waifai inakatika. Kuta zetu ni za tofali za saruji, ghorofani kuna zege na nondo, itapita wapi? Amplifaya ikiwa moja, strima zote zikae pembeni yake, kabati moja na ruta, zote kwa kebo ya mtandao. Kinachokwenda vyumbani ni waya wa spika peke yake. Angalia unaponunua: strima ya WiiM Mini haina tundu la kebo, WiiM Pro inalo. Ukiwa mpenda kuchokonoa, Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja) yenye kadi ya sauti na programu ya piCorePlayer inafanya kazi hiyohiyo, ninayo moja hadi leo. Ila strima za vyumba unavyotaka vipige wimbo mmoja kwa pamoja ziwe za familia moja. Zisipoelewana, ukipita koridoni unasikia mwangwi, jikoni inaifuata sebule kama kwaya isiyofanya mazoezi.

Ukishaunga, weka strima sauti ya mwisho, kisha pandisha kitasa cha kila chaneli hadi pale spika inapokaribia kulalamika, urudishe kidogo, usikiguse tena. Baada ya hapo kila mtu anatumia simu yake, na shemeji hana pa kuharibu.

Waya: nyaya za milimita za mraba 2.5, shaba tupu. Barazani kwangu ni mita 20, yaani kwenda na kurudi 40, na hapo unapoteza kama omu 0.28 tu. Kabla hujalipa, kwangua ncha kwa wembe. Ndani ikiwa nyeupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, mrudishie mwenye duka. Maungio ya nje yafunike vizuri, hewa ya bahari inayageuza kijani mapema kuliko unavyodhani.

Kabati liwe na milango ya luva, joto la Januari unalijua. Na chagua amplifaya inayolala yenyewe muziki ukikata. Ikibaki inakula wati 40 usiku na mchana, ni karibu uniti moja ya luku kila siku bila hata wimbo kupigwa.

Kuhusu mechi, kitu hiki hakuna aliyeniambia. Redio ya mtandaoni inachelewa. Siku ya Simba na Yanga nilikuwa nasikia jirani anashangilia bao wakati kwangu mpira bado uko katikati ya uwanja. Sasa nimechomeka redio ya kawaida ya FM kwenye tundu la amplifaya linalolisha chaneli zote kwa pamoja. Tunapiga kelele wakati mmoja, yeye kwake, mimi kwangu.