Mwanangu, kwanza niambie inazimika lini

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Ujumbe wako nimeupata na nimeusoma kwa utulivu. Unaniuliza: kompyuta inakuzimikia ghafla katikati ya gemu, je, uchukue mgao wako wa kikoba ununue kadi ya picha mpya kwa yule kijana wa Kariakoo, au uipeleke kwa fundi? Umeandika mengi kuhusu bei, na mengi zaidi kuhusu uzuri wa hiyo kadi. Kuhusu inazimika lini, hukuandika hata mstari mmoja.

Inazimika lini, baba? Ukiwa bado kwenye menyu, au magari yakishaanza mbio? Dakika tano za mwanzo, au ukishacheza nusu saa na chumba kimepata joto? Feni zinapiga kelele kwanza? Skrini inageuka buluu yenye maandishi, au ni giza tu? Ukibonyeza kitufe inawaka papo hapo, au inagoma mpaka uchomoe waya ukutani? Dada yako hucheka nikianza, lakini nitasema tena: uliza lini kabla ya kuuliza kwa nini.

Mwaka ule wa mashine ya kopi ulikuwa darasa la pili, kwa hiyo nadhani unakumbuka kelele tu. Ulikuwa msimu wa mitihani ya moko, shule zimeleta maswali yao dukani kwetu Ngamiani, na mashine ikawa inazimika. Asubuhi inafanya kazi vizuri kabisa, ikifika alasiri inakata. Nikachukua daftari la madeni, kurasa za nyuma nikawa naandika saa. Alasiri, alasiri, alasiri. Na alasiri ndipo kina mama walipopanga foleni na mahindi yao kwa yule mzee wa mashine ya kusaga nyuma yetu. Mota kubwa inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa kuliko ikishakolea. Balbu yetu ya dukani ilikuwa inafifia mpaka inakuwa ya njano. Na mashine ya kopi ina hita ndani yake ya kugandisha wino kwenye karatasi, inataka umeme mwingi. Haya yote niliyaona kwa macho yangu, na nikayaandika.

Fundi akaja, nikamweleza. Akamgeukia baba yako, si mimi, akasema, "Mzee, hapa kadi kubwa imekufa." Nikarudia: fundi, inazimika mota ya jirani ikiwashwa. Akanijibu, "Mama, wewe piga kopi, ufundi niachie mimi." Na baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa akimheshimu kila mwenye bisibisi mkononi. Akatoa ile hela ya mabati ya nyumba ya bibi yako. Kadi mpya ikafungwa. Alasiri ile ile mashine ikazimika.

Simlaumu baba yako. Au tuseme namlaumu kidogo, maana bibi yako alimaliza vuli nzima anakinga maji ya mvua kwa masufuria. Lakini angefanya nini? Mitihani ya watoto wa watu imekwama, na mbele yake yuko mtu anayesema bila kusitasita. Kilichoniuma si hela. Jibu lilikuwa limeandikwa kwenye daftari juu ya kaunta, na hakuna aliyelifunua.

Nilimwita yule fundi arudi. Nikamwomba mzee wa mashine asiwashe mpaka nimpungie mkono dirishani. Fundi kasimama, kopi zinatoka moja baada ya nyingine, nikapunga. Mota ikanguruma, balbu ikafifia, mashine ikazimika mbele ya macho yake, na foleni nzima ya mahindi ikaangua kicheko. Ah, mwanangu, kicheko kile nakisikia mpaka leo na bado kinanipendeza. Kadi yetu ya zamani alidai ameshaitupa, na hela hakurudisha. Aliyekuja kutuhamisha kwenye fezi nyingine, mbali na ile ya mota, alimaliza kabla ya magharibi, na mashine ile ile ikapiga kopi mpaka wewe ukaingia chuo.

Haya, tuje kwenye kompyuta yako. Ukifungua daftari la matukio la Windows utakuta Kernel-Power namba 41, na wapo watakaokuambia huo ndio ushahidi. Maana yake ni kwamba mashine imewaka upya bila kuzimwa kwa utaratibu, basi. Wewe tayari unajua hilo. Weka programu ya HWiNFO, iache iandike joto kwenye faili wakati unacheza, kisha usome mstari wa mwisho kabla ya giza. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ikizidiwa na joto hujipunguzia kasi kwanza, kwa hiyo utaona gemu inakwamakwama kabla ya kuzimika. Ukikuta mstari wa mwisho unasoma nyuzi 90 na kitu, fungua ubavu, toa vumbi, na upake upya ile dawa ya kati ya prosesa na bati lake la kupoozea. Ikikauka haipitishi joto vizuri. Ukikuta nyuzi 65 na mashine imekata kama imechomolewa, joto la prosesa liache, tazama umeme.

Na hapo ndipo picha uliyonitumia ya kibandiko cha pawa saplai, lile sanduku linaloigawia kompyuta umeme, inanisumbua. Wewe umeona ile 600 kubwa. Mimi nimeikuza nikasoma jedwali dogo la chini: mstari wa volti 12 una ampea 25. Zidisha, unapata wati 300. Kadi yako ya picha ya sasa, RTX 3060, na prosesa vinakula kwenye mstari huo huo. Kadi imepangiwa wati 170, prosesa imeandikwa 65 nayo hupita hapo ikisukumwa. Hizo ni 235, bado feni na diski. NVIDIA wenyewe, wenye chipu ya kadi hiyo, wanashauri pawa saplai ya wati 550 kwa kadi hiyo. Tena kadi za siku hizi hazivuti kwa utulivu, hushtuka ghafla kwa sehemu ndogo mno ya sekunde na kuvuka wati zake, na pawa saplai yenye ulinzi ikiona hivyo hujikata isiungue. Ndiyo maana nimekuuliza kama inagoma kuwaka mpaka uchomoe waya. Ulinzi ukishajifunga, mara nyingi hutaka umeme wa ukutani ukatwe kwanza.

Lakini video za harusi unazikata usiku kucha na haizimiki. Sawa, kukata video mara nyingi kunaichosha prosesa kuliko kadi, kwa hiyo hilo liko upande wangu. Lakini tena umesema imeanza mwezi huu, na pawa saplai ni ile ile tangu uinunue. Kwa nini imevumilia mpaka sasa? Kapasita zake, vile vikopo vya ndani vinavyotunza umeme, zimechoka? Joto la Dar? Au ni ile UPS ndogo ya VA 650, betri ya kushikilia umeme ukikatika, uliyoinunua baada ya Idi? UPS za namna hiyo hubeba wati 360 hivi, na umechomeka skrini na spika humo humo. Mdomo unaniwasha kutaja jina, mwanangu, na jina ninalo. Nitajizuia, nisije nikawa yule fundi.

Fanya hivi, kimoja kimoja, gemu ile ile, saa ile ile. Jioni moja chomeka kompyuta moja kwa moja ukutani, bila UPS. Jioni nyingine funga gemu isizidi fremu 60 kwa sekunde, na kwa programu ya MSI Afterburner ushushe nguvu ya kadi hadi asilimia 70. Ikivumilia hapo, azima pawa saplai ya rafiki yako, ije na nyaya zake zote. Usichanganye nyaya za moja na za nyingine hata kama zinaingia, mpangilio wa ndani hutofautiana na unaweza kuunguza kila kitu. Na sanduku la pawa saplai lenyewe usilifungue. Kapasita za ndani zinaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata ukishachomoa. Hili ni ombi la mama.

Saa ziandike. Nipigie Jumamosi usiku unisomee ulichoandika, na hapo nitasema ninachofikiri bila kujizuia. Mgao wa kikoba usiuguse, na yule kijana wa Kariakoo mwambie asubiri mpaka Jumapili. Akisema kuna mteja mwingine anaitaka kadi hiyo, mwache amuuzie.

Mama yako.