Umehamia Njombe? Kabla ya duveti, anza na sakafu

Dada uliyeuliza jinsi ya kuipa nyumba joto bila kuifanya ionekane stoo ya mablanketi, maana umehamishiwa Njombe na Juni ndiyo hii: pole, na karibu. Mimi ni mtu wa Tanga, huu ni mwaka wangu wa sita huku. Nilikuja na mashuka mawili na feni. Jirani yangu, mama wa Kibena, alipoiona ile feni alicheka mpaka akakaa chini.

Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake utaionja kwanza kwa nyayo. Mwaka wa kwanza nilinunua zulia la manyoya, nene, la kijivu, nikalitandaza juu ya sementi tupu nikajiona nimemaliza. Agosti nikalinyanyua kutafuta hereni: chini kuvu tupu, nyeusi kama masizi, na harufu ya kiatu kilicholowa. Siku hizi natanguliza mkeka wa ukindu, juu yake zulia jembamba, halafu kipande kidogo cha manyoya pale tu miguu inaposhukia kutoka kitandani. Jumamosi jua likitoka, vyote vinaanikwa.

Madirisha ya nyumba za kupanga unayajua, upepo unapita hata yakifungwa. Nilinunua blanketi la mtumba, fundi cherehani akalishonea nyuma ya kitenge, likawa pazia. Hakikisha linagusa sakafu. Pazia linaloishia chini kidogo ya dirisha linaiacha baridi imwagike humo humo. Mchana lifungue, jua liingie.

Kitandani watu wanarundika juu na kusahau chini. Tandika blanketi juu ya godoro, ndipo shuka la pamba, halafu blanketi jingine na duveti jepesi. Kinachotunza joto ni hewa iliyonaswa kati ya vitambaa, kwa hiyo vitatu vyepesi vinakupa raha kuliko kimoja kizito kinachokubana kifua.

Mtumbani usiamini neno "sufu" la muuzaji. Ukishanunua, chomoa uzi mmoja uuchome: sufu inanuka nywele zilizoungua na inajizimikia, akriliki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Mashuka mengi ya Kimasai yanayouzwa sasa ni akriliki. Siyo mabaya, ni mepesi na yanakauka haraka, ila yakae mbali na moto. Mimi nimekunja mawili mekundu mgongoni mwa kochi, na vile vitambaa vya kufuma (mama atanisamehe) nimevirudisha kabatini. Vinateleza na ni vya baridi.

Urembo wenyewe unatoka kwenye khanga. Kipande kimoja kinatoa foronya tatu za mito ya sentimita 45, ila mwambie fundi aangalie jina kabla ya kukata. Wangu hakuangalia. Nina mto unaosema "Mgeni njoo", na mwingine, kule chumbani, "mwenyeji apone". Chagua rangi mbili au tatu uzirudie kila mahali: kwangu ni nyekundu, kijivu na rangi ya ukindu. Bila hivyo ndipo inapokuja hiyo stoo unayoiogopa.

Na tafadhali, ukishaziba nyumba hivi usiingize jiko la mkaa chumbani "lipashe kidogo" halafu ukalala. Hewa yake ya sumu haina harufu, hutaamka kulizima jiko. Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu mwezi huu, nunua lile blanketi la chini ya shuka. Mapazia yasubiri mshahara wa Julai, na upime dirisha mwenyewe mpaka chini kabla ya kwenda kwa fundi.