Mashua Kubwa Naiota Kila Usiku, Nifanyeje?

SWALI: Asalaam aleikum mzee wa safu, na shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Ujiji, miaka 43, nina mke na watoto watatu. Nina mashua ya tanga ya mita 6 aliyoniachia marehemu baba, mninga mtupu, na kila jumamosi nikitoka shambani naishusha majini. Watu wa mwaloni wananishangaa maana sa hivi kila mtu ana injini ya kupachika, wananiambia mwalimu tanga la nini, ila ile saa upepo unalishika turubai na mashua inalalia ubavu na husikii kitu zaidi ya maji yanavyopita chini ya mbao, we acha tu mzee. Sasa shida ni kwamba nimeanza kuota kubwa. Naota ya mita 9, yenye kijumba cha kulala watu wanne watano, nipakie familia likizo ya mwezi wa sita twende mpaka Mahale. Fundi mmoja wa Kibirizi kanipigia hesabu milioni 16, hapo ni mbao na ufundi tu, tanga na kamba bado. Mimi kwa miaka minne nimeweka milioni 3 na laki 4. Mke wangu anasema jikoni kunavuja na mimi nawaza mbao za kuelea. Niiache hii ndoto? Maana hata nikisahihisha madaftari usiku najikuta nimechora mashua kwenye karatasi ya mwanafunzi.
– Mwalimu, Ujiji

JIBU: Waaleikum salaam mwalimu, marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nimeisoma kwa sauti, mama watoto akasikiliza akasema huyu ni wewe kabisa enzi zile. Ni kweli, huu ugonjwa naujua, kwa hiyo sitakwambia uache. Nitakwambia vile ambavyo mimi sikuambiwa.

Kwanza jua hauko peke yako kwenye hili ziwa la Tanganyika, kutamani chombo kikubwa ni habari ya siku nyingi hapo hapo Ujiji. Mwaka 1858 yule mpelelezi Mwingereza Speke alivuka kwa mtumbwi mpaka kisiwa cha Kasenge ng'ambo ya pili kumwomba Sheikh Hamed bin Sulayyim jahazi lake, akarudi mikono mitupu. Ila mimi nayempenda zaidi ni Edward Hore, baharia wa wamisionari, huyu alifika Ujiji 1878 akachukua chombo cha wenyeji, akakiwekea tanga, akakiita Calabash yaani kibuyu, na kwa kibuyu hicho akafika hadi kusini mwa ziwa. Chombo cha chuma, Morning Star, kilikuja baadaye miaka ya 1880, vipande vipande kutoka pwani. Yaani wakati kile cha chuma kinafika mwenyewe ziwa alishalijua.

Sasa tuje kwenye hesabu maana wewe ni mwalimu. Ukitoka mita 6 kwenda 9 watu wanafikiri umeongeza nusu basi gharama nayo itaongezeka nusu. Hapana. Mashua hairefuki peke yake, inapanuka na inakuwa na kina, kwa hiyo ukizidisha urefu kwa moja na nusu, tanga linatakiwa liwe kubwa mara 2 na robo, na uzito wa chombo chote unakuwa zaidi ya mara 3, karibu mara 3.4. Mbao ni uzito, misumari ni uzito, nanga inafuata uzito, kamba inafuata nanga, na watu wa kuivuta nchi kavu nao wanafuata huo huo uzito. Sa hivi unaivuta na wanao na majirani wawili, hiyo nyingine utaita mwalo mzima na mwalo mzima unakula ubwabwa. Ndo maana ile milioni 16 haijanishangaza hata kidogo.

Na mwendo je? Hapa ndo watu wengi wanaumia. Chombo cha kupasua maji kinatengeneza wimbi omo, yaani mbele, na lingine tezi, yaani nyuma, kadri kinavyokaza mwendo lile wimbi linarefuka, likishakuwa refu sawa na chombo chenyewe basi chombo kinakaa kwenye bonde la wimbi lake kinajaribu kupanda mlima kilioujenga chenyewe, na hapo hata upepo uongezeke hakiendi. Kwa mita 6 mwisho wake ni kama kilomita 11 kwa saa. Kwa mita 9 ni kama 13 na nusu. Kwa hiyo mwalimu zile milioni zote zinakununulia kilomita 2 na nusu kwa saa, na hizo unazipata siku upepo umekaa vizuri.

Ila nisiwe mnafiki, kuna kitu urefu unakupa kweli nacho ni utulivu. Nguvu ya chombo kugoma kupinduka inapanda haraka kuliko vyote, kwa hiyo mita 9 ikijengwa kwa umbo lile lile inagoma mara 5 kuliko mita 6. Na mawimbi yetu ya Tanganyika unayajua, mafupi na yamesimama wima, siyo kama ya bahari yanayokubeba taratibu. Ukiwa na mama na watoto hicho kitu kina thamani na sikubezi kukitamani.

Sasa hiyo safari yako ya Mahale mwezi wa sita. Mwalimu, mwezi wa sita kusi imeshakaza! Kuanzia Mei mpaka Septemba upepo unatoka kusini mashariki unasukuma maji kuelekea kaskazini, na wewe unataka kwenda kusini, usoni mwa upepo. Ni kama kilomita 130 kwa mstari, lakini hakuna tanga linaloenda mstari huo, itabidi ubishe, kulia kushoto kulia kushoto. Kwa tanga la kizamani ambalo haliwezi kuukaribia upepo zaidi ya nyuzi 60 zile 130 zinakuwa 260, kachore kwenye ubao darasani pembetatu itakuonyesha. Ukiwa na tanga lililoshonwa vizuri, lililokazwa, na mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, ulioshuka chini kidogo usiruhusu chombo kusukumwa ubavu, ukaweza nyuzi 50, zinakuwa kama 200. Umeokoa kilomita 60 na hujaongeza hata ubao mmoja wa urefu. Kwa hiyo pesa ya kwanza unayotoa iende kwenye tanga jipya na mkuku wa hiyo hiyo ya mzee wako. Alafu safari yenyewe ipeleke likizo ya Desemba, kusi imelala, ingawa hapo una mvua za radi na inabidi uwe na jicho la mawingu na ujue pa kukimbilia kila kilomita kumi.

Nikueleze la kwangu. Nilikuwa na miaka 38 nikaanza kujenga chombo cha mita 11 pale Katonga. Sikuwa na pesa ya kumaliza, nilikuwa na pesa ya kuanza, nikasema kikishasimama Mungu atafungua njia. Mkuku ukalala, mvule mmoja mzuri ajabu, mataruma yakasimama kama mbavu za ng'ombe, watu wanakuja kupiga picha. Pesa ikaisha. Masika ya kwanza nikafunika na maturubai, ya pili maturubai yakachanika, na kiangazi cha tatu nilienda asubuhi moja nikakuta mkuku umepasuka kwa urefu, nikaingiza kidole changu cha shahada kikaingia chote mpaka kifundo. Nilikaa pale chini mpaka adhuhuri. Mataruma niliyauza kwa mtu wa tanuri la matofali. Kilichoniua siyo kuota, ni kwamba nilianza na kitu ambacho hakiwezi kusubiri. Mkuku ukishalala na mataruma yakishasimama saa imeshaanza kukimbia, lakini mbao zilizopangwa kivulini zinasubiri hata miaka mitano na zinazidi kuwa nzuri.

Basi mimi naona hivi. Shuka kwenye mita 7 na nusu. Uzito wake ni kama mara 2 ya uliyonayo badala ya mara 3 na zaidi, watu wawili wanaimudu majini, kijumba kidogo cha kulala wawili na watoto wakalala mbele chini ya turubai, watoto wanapenda hivyo kuliko kijumba. Nunua mbao kidogo kidogo, kila unaponunua mbao mbili weka na bati moja la jikoni, nasema hili kwa moyo wote, usiruke bati. Usimwite fundi mpaka mbao zote, misumari yote na pamba ya kalafati, ile ya kuziba nafasi kati ya mbao, viwe ndani. Na fundi usimtafute miezi ya ziwa kufungwa uvuvi, kama 2024 lilivyofungwa tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, maana wavuvi wote wamepandisha vyombo nchi kavu na kila fundi ana foleni. Kazi ya kalafati jifunze mwenyewe kwenye hiyo ya baba, pamba unaisokota, unaipaka mawese, unaishindilia na patasi butu, na sikio ndo mwalimu, mwanzoni nyundo inatoa sauti nene ya kufa, pamba ikishajaa sauti inakuwa kali kama umegonga gogo kavu, hapo unaacha, ukizidisha unatanua mbao. Jifunze kwenye ndogo makosa yawe madogo. Na usisahau kuipeleka TASAC, lile shirika la serikali la mambo ya meli, ikakaguliwe na upewe leseni, jaketi okozi za watu wote ziwe kwenye bajeti toka siku ya kwanza, siyo baki ya pesa.

Moja la mwisho, usijidanganye kwamba itajilipa kwa kubeba dagaa. Kwa biashara injini inakushinda asubuhi na mapema. Mwambie mkeo ukweli, kwamba unaitaka kwa sababu unaipenda.

SWALI: Habari za kazi mzee. Mimi ni seremala wa vitanda Tabora mjini, ziwa kubwa nimeliona mara mbili tu nilipopanda treni kuja Kigoma, ila toka siku hiyo nataka kujijengea mashua ya tanga. Huku ninayo mninga ya kutosha. Je inafaa, na nitaijaribia wapi?
– Seremala, Tabora

JIBU: Inafaa sana ndugu yangu, una bahati. Mninga sifa yake kubwa ni kwamba ikishakauka haivimbi wala kusinyaa ovyo, kwa hiyo maungio yanakaa, na wadudu hawaipendi. Ila chagua ule moyo mwekundu, ule weupe wa pembeni kata tupa, huo unaoza. Tofauti na kitanda ni kwamba kwenye mashua hakuna mstari ulionyooka wala kona ya digrii 90, skwea yako iache nyumbani, utatumia jicho na kamba. Anza na ya mita 4, ukaijaribie bwawa la Igombe, siku yenye upepo mdogo na ukiwa na mtu ufukweni anayejua uko majini. Ukifika Kigoma njoo mwaloni useme umetumwa na safu hii, utapata mafundi wa kukuonyesha bure.

SWALI: Shikamoo baba. Mume wangu ananunua mbao kwa siri anasema za kabati, nimehesabu zimefika 14, zimejaa chumba cha watoto, na juzi nimekuta mchoro wa mashua chini ya godoro. Tunayo ndogo tayari. Nimseme au ninyamaze?
– Mama watatu, Mwanga, Kigoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Mseme, lakini siyo kwa kumfokea. Mtolee huo mchoro umweke mezani na chai, umwambie nieleze hiki ni nini na hiki ni nini. Atashtuka alafu ataongea mpaka usiku. Kosa lake siyo mashua, kosa ni siri, na hilo mwambie waziwazi kwamba pesa ya nyumba moja haiwezi kuwa na mlango wa nyuma. Mfungue daftari moja, ukurasa wa kushoto nyumba, wa kulia mashua, na asinunue cha kulia kabla ya cha kushoto. Na wewe nakuomba siku moja panda hiyo ndogo, asubuhi saa 12 ziwa likiwa kama kioo, kabla upepo haujaamka vizuri, kaa karibu na usukani akuachie uushike. Hata usipoipenda utajua anachokitafuta.

Mbao zenyewe zitoke chumbani leo, watoto walale. Zipangwe nje chini ya paa, zisiguse ardhi, kila safu itenganishwe na vijiti vya unene mmoja vilivyopangwa wima juu ya vijiti vya chini, hatua moja kutoka kijiti hadi kijiti, na ncha zote mbili mzipake rangi yoyote mliyonayo, hata iliyobaki ya mlango, maana ubao unaanza kupasuka nchani.