Kuhamishia Ghala la Nexus Kwenye Diski Mpya

Katika seva ninazozitunza hapa Kisumu, diski ya Nexus, yaani programu ya kuhifadhi vifurushi ambavyo watengeneza programu hutumia, hujaa mapema kuliko ilivyotarajiwa, kwa kuwa kila toleo la majaribio hubaki humo. Hata hivyo, usikimbilie kununua diski. Kifurushi kilichofutwa ndani ya Nexus hakiondoki papo hapo, bali hutiwa alama tu, na nafasi yake hairudi mpaka uendeshe kazi ya Nexus iitwayo Compact blob store.

Nafasi ikiwa bado finyu, hamisha folda ya blobs peke yake, yenye faili za vifurushi vyenyewe, iliyo ndani ya sonatype-work/nexus3, na uiache hifadhidata ilipo. Kabla ya hapo chukua nakala rudufu ya vyote viwili kwa pamoja, kwani hifadhidata ndiyo inayojua kila faili ni la kifurushi gani.

Kunakili huchukua muda, maana kila kifurushi kina faili la .bytes na jingine la .properties. Endesha rsync, programu ya kunakili faili, mara ya kwanza Nexus ikiwa bado inahudumia watu, kisha isimamishe na urudie, ili mara ya pili inakili mabadiliko pekee. Tumia chaguo la -a ukiwa root (msimamizi mkuu wa mfumo), la sivyo umiliki wa faili utabadilika na Nexus itashindwa kuandika.

Wapo wanaopendelea kubadilisha njia ya folda katika mipangilio ya Nexus. Mimi huipa folda ya zamani jina jingine, nikaunda folda tupu ya blobs mahali pake, kisha nikaipachika (mount) diski mpya kwenye folda hiyo, na Nexus haihitaji kujua lolote.

Hatari kubwa, kwa maoni yangu, huja baadaye. Stima ikipotea na kurudi, seva inaweza kuwaka bila diski mpya kupachikwa, na Nexus ikaikuta folda tupu na kuanza kuandika kwenye diski ya mfumo. Kwa hiyo itaje diski kwa UUID (kitambulisho chake cha kipekee) ndani ya fstab, orodha ya diski zinazopachikwa seva inapowaka; ongeza RequiresMountsFor katika faili la systemd linaloiwasha Nexus, ili isianze kabla diski haijapachikwa; na ile folda tupu iwe mali ya root kabla ya kupachika, ili Nexus isiweze kuandika humo.

Folda ya zamani usiifute mpaka ujenge mradi mkongwe kwenye kompyuta ambayo folda yake ya .m2, ambamo Maven (programu ya kujenga miradi ya Java) huweka nakala za vifurushi, ni tupu. Vinginevyo Maven itatumia vilivyomo humo, nawe hutajua kama Nexus inavyo.