Fedha za CIA, Makerere na jarida la Hiwar

Mwalimu, umeuliza kama ni kweli kwamba fedha za CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ziliwafikia waandishi wa Afrika na wa Kiarabu. Ndiyo, ni kweli. Mkutano wa waandishi pale Makerere, Juni 1962, ulilipiwa na Congress for Cultural Freedom, shirika la Paris lililokuwa likipokea fedha za CIA kwa siri. Magazeti ya Marekani yalifichua jambo hilo 1966 na 1967. Mfuko huohuo ndio ulioliendesha jarida la Kiarabu la Hiwar, Beirut, ambamo Tayeb Salih wa Sudan alitoa kwa mara ya kwanza riwaya yake Mawsim al-Hijra ila al-Shamal (Msimu wa Kuhamia Kaskazini) mwaka 1966. Yusuf Idris wa Misri alikuwa ameshaikataa tuzo ya jarida hilo 1965.

Ila usiwaambie vijana wako wa kidato cha sita hapo Moshi kwamba waandishi walinunuliwa. Wengi hawakujua fedha zinatoka wapi, na riwaya ya Salih inauumbua ukoloni bila huruma. Dhuluma kubwa naiona kwenye lugha: jina la mkutano wa Makerere lilitaja wazi kuwa ni wa wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert alikuwa bado hai ulipofunguliwa, na vitabu vyake vyote vya Kiswahili havikumpatia kiti.